Mgeni Aliyefuta Safari

Shoga, uko?

Unamkumbuka yule mwalimu aliyepanga nyumba yangu ya wageni, yeye na mkewe, halafu ugonjwa huu wa kuambukiza ulipoingia akafuta safari? Nikamrudishia hela zote, nikajua yameisha.

Leo nimekwenda kufagia. Mlango umekomewa kwa ndani! Nikagonga. Mwanamke akasema, "Usiingie, dada. Nakohoa."

Nakohoa! Ndani ya nyumba yangu!

Ni mkewe, shoga. Alipoanza kuumwa, mume alimleta huku kimyakimya, kwa kuwa nilishamwelekeza ufunguo unapokaa. Akamshusha na mfuko wa nguo, akaondoka. Ameniambia yote kupitia mlango, anahema kama aliyepanda mlima.

Nikampigia mume. Unajua kanijibu nini? "Mimi nilishafuta, na pesa umenirudishia. Sina mtu huko."

Sina mtu huko! Mke wake wa ndoa!

Gari la wagonjwa nimeliita, wanasema liko njiani. Mimi nimekaa hapa kwenye ngazi, namsemesha asilale. Alikuwa ananiitikia, hata akaniuliza kama mumewe amepiga simu. Nikamdanganya kwamba yuko njiani.

Shoga, sasa namwita haitiki.

Navunja mlango.