Akina Tshimelaki wa Sakania

Jumatatu, 3 Juni

Nimerudi sokoni na miguu inauma. Vitenge vimelala bila mnunuzi. Makala ya jiko ni moshi mtupu, bukari, ugali wetu, imechelewa. Na Yaya Gaston amekaa sebuleni tangu jioni, simu mkononi, anangoja kula.

Gaston ni kaka mkubwa wa mume wangu, Donatien, ndiyo maana tunamwita Yaya. Donatien yuko kazini Kambove, hurudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ni mimi ninayesikiliza.

Habari ni ileile: jina lao, Tshimelaki. Watu wa mjini wakilisikia hudhani ni la Kasai, kwa sababu ya ile Tshi. Mwenye jina la Kasai ni mimi, Mbuyi, la baba yangu. La mume wangu limetoka Poland. Huko huandikwa Trzmielak. Wakati wa Mobutu, majina ya kizungu yalipokatazwa, baba mkwe na wengine waliokuwa nalo waliliandika jinsi lilivyosikika. Karani akaona ni la Kiafrika, akapiga muhuri.

Leo Gaston amenifundisha tena kulitamka kwa Kipolandi. Nusura niteme mate kwenye sombe, majani yangu ya muhogo.

Jumatano, 5 Juni

Amekuja tena. Amempata mwanamke mtandaoni, Danuta, mwalimu, Mpolandi, mwenye jina hilohilo. Yeye huandika Kifaransa, Danuta Kipolandi, simu inawatafsiria. Danuta anasema jina ni la nadra sana. Limebaki kijijini kwao, nyumba chache, wengine wako makaburini. Linatokana na jina la nyuki, yule mnene mwenye manyoya. Inaonekana zamani palikuwa na mzee aliyekuwa akivuma akifanya kazi, majirani wakampachika jina hilo.

Nadra. Hapa Lubumbashi wamejaa. Wapo parokiani, wapo sokoni, wapo shuleni alikosoma Sifa, binti yangu. Wote ukiwauliza, babu zao walitoka Sakania, kwenye reli. Danuta ameshangaa sana. Gaston anafurahi kama mtu aliyewazaa wote yeye mwenyewe.

Yeye anasema Mpolandi aliyetengeneza magarimoshi pale Sakania ndiye babu yake. Damu. Anataka uraia. Ameanza kuvaa skafu ndani ya nyumba.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya.

Sifa amemleta Patrick. Tunamjua, mwalimu wa hesabu, kijana mtulivu. Familia yake inataka kuleta dot, mahari, kabla mwezi haujaisha. Nilipika kuku. Baba yake Sifa akiwa mbali, lazima kaka mkubwa awepo, kwa hiyo nilimwita Gaston. Kosa langu.

Patrick naye ni Tshimelaki. Sifa na yeye walikuwa wakilicheka jambo hilo tangu walipojuana. Gaston hakucheka. Aliweka paja la kuku chini.

"Babu yako alitokea wapi?"

"Sakania, papa. Kwa reli."

"Basi muko ndugu. Damu ya ule muzungu iko moja. Ndoa haiko."

Patrick aliaga kwa heshima. Sifa aliosha vyombo vyote. Mimi nilitaka kumpiga shemeji yangu kwa mwiko.

Jumapili, 9 Juni

Nimempigia Donatien. Mtandao unakatika. Anasema yaya ni yaya, hawezi kumvunjia neno kwa simu, nisubiri arudi. Mume mzuri, lakini mbele ya kaka yake ni mtoto wa miaka sita.

Nimemwambia Gaston hana ushahidi. Akaniambia jina lenyewe ni ushahidi. Nikamuuliza, kwa hiyo nusu ya mji ni wajukuu wa mtu mmoja? Akajibu kwamba yule mzungu alikuwa na nguvu.



Alhamisi, 13 Juni

Mama yake Patrick amekuja sokoni. Aliongea polepole, akishika kitenge bila kukiangalia. Mume wake amechoka. Wanasema sisi tunawadharau. Kama jibu halipo wiki ijayo, watamtafutia mtoto wao kwingine.

Sifa amesema yeye ataenda kuishi na Patrick hata bila dot. Amesema akipiga pasi, bila kuinua macho. Atafanya kweli. Namjua, amefanana na mimi.

Gaston ndani ya haya yote amenitumia picha ya ngome ya Poland. Chini ameandika: kwetu.

Nimempigia Shangazi Eulalie, Sakania. Ni dada mdogo wa marehemu baba mkwe, ndiye pekee aliyebaki wa kizazi kile. Sijui kwa nini hatukuanza na yeye. Labda kwa sababu ana kelele. Anakuja Jumamosi.

Jumamosi, 15 Juni

Shangazi ameteremka na mfuko wa karanga na kikohozi. Amekunywa chai, amelalamikia barabara, amelalamikia chai. Kisha Gaston akaingia na skafu yake, Sifa akakaa mlangoni, nikamwomba Shangazi atueleze juu ya yule Mpolandi.

Alimkumbuka mara moja. Mzungu mrefu, masikio mekundu. Hakuoa. Kila Jumapili kanisani. Padri alipokosa mtu wa kuwasimamia watoto wa wafanyakazi kwenye ubatizo, alimwita yeye. Akawa parrain, baba wa ubatizo, wa kambi nzima. Na wazazi wakaandikisha watoto wao jina lake, wakitumaini mtoto mwenye jina la mzungu atapokelewa shuleni.

"Na baba?" Gaston akauliza. "Baba alisema ni damu."

"Baba yenu alikuwa anapenda kusema. Tulizaliwa na baba moja, mama moja, miye na yeye. Papa yetu alikuwa anatia makala kwa mashini ya treni. Mweusi kama hii sufuria."

"Juu ya nini haukusemaka?"

"Hamukuniulizaka."

Sifa aliondoka mlangoni akaenda nje. Nilisikia akimpigia Patrick, akicheka na kulia pamoja.

Nilidhani nitafurahi kumwona Gaston akishindwa. Alikaa na ile simu mapajani, imewaka, hakuiangalia. Halafu akasimama akasema Shangazi amezeeka, kichwa kinamdanganya, na yeye hatakubali. Akatoka bila kula. Shangazi akaomba sahani ya Gaston.

Jumatano, 19 Juni

Gaston hajaja. Hapokei simu. Nimewajibu akina Patrick walete dot tarehe 29, lakini bila yeye hakuna wa kusimama mbele ya wageni, na Donatien anasema bila yaya yeye hapokei kitu. Nimechoka na wanaume wa nyumba hii, wa hapa na wa Kambove.

Nimekwenda kwake. Chumba kimoja, kitanda, vitabu vya Kifaransa alivyokuwa akifundishia kabla hajastaafu. Mkewe alifariki zamani, watoto hawakupata. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima. Nikamkuta amelala na viatu.

Nikasema moja tu. "Yaya, mutoto anakungoja. Hangoji muzungu."

Nilimwachia chakula, nikarudi na hasira zangu zote, sikupata pa kuzitua.

Jumamosi, 29 Juni

Dot imepokelewa.

Donatien alifika jana, amejaa vumbi. Asubuhi hatukujua kama kaka yake atakuja. Wageni walikuwa wameshakaa, mbuzi amefungwa kwenye ukuta, Donatien anatoka jasho na baridi hii yote. Gaston akaingia amevaa suti nyeusi. Skafu hakuwa nayo. Akaketi mahali pa mkubwa, akawaamkia wageni, akasema kwa Kiswahili kizuri kuliko siku zote:

"Jina letu tulipewa na parrain moja, siku ya ubatizo. Damu haituunganishi. Basi leo watoto watuunganishe."

Mama yake Patrick alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda jikoni nikafuta uso kwa aproni.

Jumapili, 30 Juni

Baridi. Vyombo vya watu vimerudishwa. Shangazi amelala mchana kutwa.

Gaston amekuja jioni, saa yake ileile. Donatien alikuwa nje anatengeneza uzio, kwa hiyo tulibaki wawili. Anasema amemwandikia Danuta ukweli. Bado hajajibiwa, na labda hatajibiwa. Akasugua magoti.

"Mama Sifa, sasa miye niko nani?"

Nilikuwa napakua.

"Weye uko Yaya Gaston," nikamwambia. "Kula."

Amekula. Baada ya muda akaomba chumvi.