Sauti ya Marehemu Katika Darasa la Yoga

Shangazi Jael, shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu: marehemu atakayeombewa Alhamisi hii katika ukumbi wetu hapa Ganjoni ni mimi.

Nimemaliza kidato cha nne na ninamsaidia Mwalimu Mahfudha, anayefundisha wanawake yoga, na kazi yangu ni kuchagua muziki na picha za kuonyesha ukutani kwa projekta. Nilianza na muziki wa zumari wa Kihindi, Mama Awino ambaye ni mwanakwaya akasema, "Mwanangu, hapa tunanyoosha viungo au tunaabudu?", na wengine wakasema wao hawataki ala yoyote, basi nikaweka sauti ya mvua, na walipokuwa wamelala chali kupumzika wote wakainuka mbio kwenda kuanua nguo. Kwa picha niliweka bahari, wakasema bahari wanaiona bure pale ufukweni Mama Ngina, nikaweka theluji, wakaomba feni izimwe. Theluji ikabaki.

Muziki ndio ulionishinda, kwa hivyo nikajifungia chumbani nikajirekodi kwa simu nikiimba nimefumba mdomo, bila maneno wala ala, ule wimbo ninaombembelezea mdogo wangu, na siku niliyouweka hakuna aliyelalamika, Mama Awino alilala hadi akakoroma, na Mwalimu akafuta machozi akaniuliza, "Nani huyu, mwanangu?" Mimi nikitazamwa na watu maneno hunipotea, nikaogopa atasema niimbe mbele yao, nikajibu kuwa ni mama mmoja tu. Akasema, "Mtafute aje atuimbie." Nikasema amefariki.

Tangu hapo wanamlilia. Mwalimu anataka asomewe dua, Mama Awino anasema sauti ile ni ya mtu aliyeokoka na anataka ibada ya ukumbusho, wamebishana kuhusu dini ya marehemu mpaka hawasalimiani, wakaja kuniuliza mimi, nikasema sijui. Mwishowe wamekubali kufanya yote mawili, na biriani, na kila mmoja amealika jirani yake, na mmoja wa majirani hao ni mama yangu, ambaye wimbo ule anausikia kila jioni kupitia ukuta. Nifanye nini? Nikisema ukweli nitaaibika na huenda nikafukuzwa, nikinyamaza nitawapakulia watu biriani ya matanga yangu. Tafadhali usimwambie mtu, na jina langu usilitaje gazetini.

*

Marahaba, mwanangu. Jina lako sikulitaja, lakini kuhusu siri umechelewa. Mama yako atakaa pale, sauti itaanza, na atageuka akutazame.

Nakuhurumia. Kuwaridhisha wanawake wale wote kwa muziki mmoja si kazi ndogo, na wewe umeiweza. Lakini ungesema tu, "Mimi siimbi mbele za watu," ingetosha. Kuona haya si kosa. Wewe ukaona ni afadhali kuua mtu! Sasa watu wazima watainua mikono kwa Mungu kwa ajili ya msichana aliye jikoni akipanga sahani, na wanawake wawili waliokuwa marafiki wamenuniana juu ya dini yako. Hilo si jambo la kuchekea, ingawa nimecheka.

Leo jioni mwambie mama yako. Atakukaripia; msikilize. Kesho asubuhi, kabla mchele haujarowekwa, nenda kwa Mwalimu nyumbani kwake. Usilie, usianze na habari za mvua na theluji. Sema: "Sauti ile ni yangu. Nilidanganya. Nisamehe." Kisha uende kwa Mama Awino useme maneno yale yale, maana akiyasikia kwanza kwa Mwalimu hatakusamehe upesi.

Unaogopa kufukuzwa. Sauti nyingine ya kuwalaza wote wataipata wapi? Ila hoja hiyo usiitoe wewe. Wakikuomba uimbe mbele yao, kataa kwa adabu; rekodi inatosha.

Biriani ipikwe, kwa kuwa wageni wameshaalikwa. Mwalimu atakapowaeleza kuwa marehemu ni mzima, simama kando yake mpaka amalize, usikimbilie jikoni. Watakutazama wote. Hutakufa.