Futi na Mikunjo Yake

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. U hali gani, na huyo wa tumboni anakupa nafasi ya kupumua? Sisi wazima, ila mimi nimechoka hadi kwenye nywele. Mwanao huyu niliyekuzalia ana miezi tisa, meno manne, na usingizi hana. Naandika huku nikimbembeleza kwa mguu, cherehani imekaa tu inaniangalia.

Jana tulifuata majibu ya damu, yake na yangu, kuhusu vile vidole vyake viwili vya mkono alivyozaliwa navyo vikiwa vimeshikana. Daktari, mama mmoja mpole, alinieleza mara mbili nisielewe. Akaiona futi yangu ya kupimia nguo shingoni, maana nilitoka kazini mbio nikaisahau, akaiomba. Akasema kila chembe ya mwili ina uzi mrefu wa vinasaba, umekunjwa ukaenea mahali padogo kuliko ncha ya sindano. Akaikunja futi, kumi ikagusana na sitini. Akasema tumboni ndivyo ilivyo: swichi iko huku, jeni ya kuunda kidole iko kule, na mkunjo ndio unaozikutanisha kwa wakati wake. Akaikunja vingine, kumi ikaangukia themanini. Akaniuliza kama kuna namba iliyofutika. Nikasema hakuna. Basi, akasema, na kwa mtoto hakuna kilichopotea. Kipande cha uzi kiligeuka tu, mkunjo ukahama, swichi ikawasha jeni ya jirani.

Nikamuuliza kuhusu vile vidonge vya homa ulivyoniletea nikiwa na mimba. Akasema havihusiki hata chembe, kwani geuko hilo ninalo na mimi. Akanivua viatu. Vidole vyangu vya mguu, vile ulivyovicheka hadi ukaniita Bata, ndivyo hivyo hivyo. Nikamkumbuka marehemu baba, asiyevua soksi hata kwenye joto la kuyeyusha lami. Nilicheka, kisha nikalia.

Sasa lililo gumu. Ni mimi niliyemwambia mama kuwa vidonge vyako viliharibu mkono wa mtoto. Ndiyo maana hapokei simu zako. Wewe ukadhani amekasirika kwa kuwa umeolewa mbali. Nilitaka mtu wa kumlaumu, nikakuchagua wewe uliyenihurumia. Leo asubuhi nimemwambia ukweli. Akaniomba namba yako mpya. Nisamehe, dada.

Ila hili sikuombi, nakuagiza: kapime damu, huenda nawe unalo geuko hilo. Usiogope. Vidole vya mwanao huyu wa kwangu vitatenganishwa akitimiza mwaka, na kwa sasa ananing'oa nywele kwa mkono huohuo, hana shida.

Nisalimie shemeji. Kisha njoo. Utavua viatu mlangoni, nikukague.

Ni mimi mdogo wako,
Bata