Pamba Niliyofungia Mashine

Bariadi

Kaka yangu mpendwa Stefano,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Muheza, na mguu wako uwe umepoa, maana mara ya mwisho uliandika kuwa unatembelea fimbo. Je, mihogo imekubali mwaka huu? Huku mke wangu Kabula na watoto hawajambo. Ila mimi, kaka, nimepatwa na mshtuko.

Nilikwisha kukuambia kwamba kiwanda chetu cha kuchambua pamba ushirika umekiuza kwa tajiri mmoja wa Mwanza. Alipofika alituondoa karibu wote. Akaingia karakana, akaitazama mashine yangu ya kukereza vyuma, akasema karakana itafungwa hadi mvua ziishe.

"Ihifadhi vizuri, fundi. Nikirudi nikiikuta safi, utaendelea nayo. Nikiikuta na kutu, tusilaumiane."

Kaka, mashine ile nimekaa nayo miaka kumi na minne. Niliitoa vumbi la chuma kwa brashi, nikaifuta kwa mafuta ya taa hadi kwenye pembe, nikaikausha. Grisi ilikuwa haba, kwa hiyo niliipaka nyembamba kwenye zile reli mbili ndefu, ambazo zikiharibika mashine haina kazi tena. Juu ya grisi nikaziviringishia pamba, kisha nailoni, nikakaza kwa kamba. Nilijiona mjanja kweli.

Pamba ya stoo sikuigusa. Tangu wanunuzi binafsi waingie, kila mmoja anakimbilia kununua kabla ya mwenzake, na hakuna anayeingiza mkono guniani kukagua kama walivyofanya makarani wa ushirika. Basi watu wakaanza kunyunyiza maji ya chumvi ili pamba iwe nzito kwenye mzani. Niliwasema sana, hata kanisani nilisimama nikasema. Ndiyo maana nilichukua gunia la mwisho la shamba letu, lililokuwa limebaki nyumbani bila kuuzwa. Ndiyo pamba pekee niliyoiamini. Ilikuwa kavu kabisa mkononi. Siku hizo Kabula alikuwa Nassa akimuuguza mama yake.

Jumamosi iliyopita nikaenda kufungua, kwa kuwa tajiri alikuwa anakuja Jumatatu. Mungu wangu! Reli zilikuwa nyekundu tupu. Nikapitisha kidole, nikahisi vishimo. Nilikaa sakafuni nikalia, mtu mzima mimi. Pamba ilikuwa chepechepe, wakati bati halivuji hata tone. Nikaitia ulimini. Chumvi! Ndiyo iliyovuta unyevu wa mvua.

Nilifika nyumbani nafoka kwamba mlinzi wa kiwanda amenihujumu. Kabula alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Yaya, hapana, Baba Rehema, usimtukane mtu wa watu. Ile pamba niliitia chumvi mimi."

"Wewe? Ndani ya nyumba yangu?"

"Mwaka juzi tulipeleka safi. Jirani akapeleka ya maji. Bei ileile, halafu yeye akatuzidi kilo. Wewe ukarudi unasifiwa uaminifu. Jembe nilishika mimi."



Jumatatu tajiri akaja. Aliangalia zile reli muda mrefu, akauliza pamba imetoka wapi. Ningesema ya stoo, mlinzi angebeba lawama. Nikasema, "Ya kwangu, mzee." Akanyofoa kidogo, akaonja, akatema, akacheka!

"Ndiyo hii ninayonunua kila siku," akasema.

Nilimwomba mwezi mmoja tu nizisugue reli. Akasema hana mwezi, mashine itakwenda na chuma chakavu. Kisha akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa karakana.

Nisalimie shangazi Marita aliyetulea, na shemeji yangu, mama wa nyumba yako, mwambie kanga aliyomtumia Kabula ilifika. Mzee Danieli, fundi aliyenifundisha kazi kule kwenye kiwanda cha katani, msalimie sana, lakini haya usimwambie. Nitaona aibu hata nikiwa mbali.

Pamba ya mwaka huu tumeshavuna, ipo uani juu ya turubai, na gari la mnunuzi linapita Alhamisi. Kwa sasa hatuna riziki nyingine. Jana Kabula alikuja na ndoo ya maji na pakiti ya chumvi, akasimama mbele yangu. Hakuwa na hasira. Akauliza tu, "Niitie, au niiache?"

Kaka, ni mimi niliyesimama kanisani. Mpaka naandika haya sijamjibu, na ndoo bado ipo mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Yohana