Mbegu Gani, Baba?

14 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi? Huku hatujambo, isipokuwa goti la Shangazi, ambalo siku hizi linatabiri mvua na kukosea.

Magunia uliyompa dereva wa lori yamefika, asante. Ila mashudu haya si kama yale ya zamani. Yale yalikuwa meusi, yenye vipande vya maganda ya alizeti. Haya ni ya manjano iliyofifia, na yana nyuzi nyeupe. Zimenata kwenye mdomo wa Mwalimu Mkuu, yule kuku anayetembea kama anakagua darasa, akaonekana ana ndevu. Nilicheka, lakini nina wasiwasi. Ni mashudu ya mbegu gani?

Nimeyachanganya na pumba na chokaa kama ulivyonifundisha.

Binti yako

2 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, ni mgongo tu unaonisumbua. Mpe Shangazi yako pole ya goti.

Mashudu ni mashudu, mwanangu. Ni makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, na kuku hachagui. Mashine yangu inaunguruma kama kawaida. Wewe soma kwa bidii.

Baba

19 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na mgongo. Mashine yako si ina kiti? Umeumiaje?

Huku mambo si mazuri. Mama Mikate amerudisha trei nzima ya mayai. Alipasua moja dukani mbele ya wateja, kiini kikatoka kijani kama maji ya bwawa. Akasema, "Binti, unafuga kuku au mijusi?" Watu wakacheka. Nikabeba trei nikarudi nyumbani.

Nikapasua mayai ya asubuhi hiyo: viini vizuri kabisa. Nikadhani ananisingizia. Kisha nikapasua moja lililokuwa limekaa kabatini tangu wiki iliyopita. Kijani.

Kitabu cha ufugaji cha maktaba ya shule kinasema mashudu ya pamba yana sumu kidogo inayoingia kwenye kiini, na yai likikaa hubadilika rangi. Ya alizeti hayafanyi hivyo. Ukiacha kuwalisha ya pamba, mayai hupona baada ya muda.

Shangazi anasema kitabu hakijawahi kufuga. Anasema kuku wana ugonjwa wa nyongo na mwisho wa mwezi ujao atawauza wote kwa Mzee Kisu, mchinjaji, hata wale tuliowalea mimi na wewe kwenye boksi chini ya taa. Nilipomwambia tatizo ni chakula, akanijibu, "Kaka yangu anakamua alizeti. Hiyo pamba ataitoa wapi?"

Baba, mbegu gani?

Binti yako

7 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia unasoma vitabu. Mvua huku imezidi, barabara zote ni tope. Msikilize Shangazi yako, ni mkubwa. Dereva analeta gunia jingine.

Baba

11 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimekuuliza swali moja mara mbili, umenijibu habari za mvua. Nina hasira, na sijui binti humwandikiaje baba yake hasira, kwa hiyo naandika taratibu.

Gunia jipya sijalifungua. Nilimuuliza dereva alilipakia wapi. Akajikuna kichwa, akasema, "Muulize mzee mwenyewe, mimi usiniingize." Nywele zake zilikuwa na nyuzi nyeupe.

Sikuulizi unafanya kazi wapi. Nakuuliza kuku wangu walikula nini. Shangazi haniamini mimi wala kitabu, atakuamini wewe tu. Mzee Kisu anakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Neno moja linatosha.

Binti yako, bado

22 Juni

Binti yangu,

Pamba.

Kiwanda cha alizeti kilifungwa mwezi wa tatu. Sasa nabeba marobota kwenye kiwanda cha pamba. Mbegu zake wanazikamua hapo hapo, na mashudu ninayatoa huko. Sikujua yanaharibu mayai. Nilijua tu kwamba ukishajua ni pamba, utajua na mengine.

Msomee Shangazi yako kwa sauti. Yote, usiruke.

Baba

29 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje?

Nilimsomea Shangazi barua yako jikoni. Nilikatiza kusoma kwenye "marobota". Akasema, "Endelea." Nilipomaliza, aliendelea kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Jana Mzee Kisu alipokuja na matenga yake, Shangazi alimzibia mlango. "Rudi nayo. Kuku wazima hawa. Ni kaka yangu aliyewalisha vibaya." Mzee Kisu akalalamika kwamba amepotezewa asubuhi nzima. Shangazi akamwambia hata yeye amepotezewa tangu mwezi wa tatu.

Mayai yakikaa, viini bado vinageuka kijani, na Mama Mikate sasa ananunua kwingine. Gunia la mwisho nimemrudishia dereva.

Halafu Shangazi akaniuliza kama mbeba marobota hupewa chakula. Nami nataka kujua. Kwa hiyo swali hili ni letu sote wawili, na usitujibu habari za mvua: mchana unakula nini?

Binti yako