Kiwanja Changu na Sevu za Mutheu

Jumatatu, 8 Septemba

Maji ndoo kumi na nne kabla jua halijapanda. Vumbi limetulia. Nimevuta kamba, nimepiga mistari yote chokaa upya, mgongo umelalamika. Mistari imenyooka. Hakuna mtu Machakos hii anayechora mstari kama mimi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu na kugeuka kocha wa tenisi, kwa hivyo siombi radhi kwa kujisifu.

Mwanafunzi wangu Mutheu wa kwanza kufika, kama kawaida. Miaka kumi na tisa, futi sita na inchi nne, na naapa bado anaongezeka. Akienda chumba cha vifaa anaanza kuinama hatua mbili kabla ya mlango. Amepiga sevu sitini, ile mipira ya kuanzisha pointi. Nimehesabu hamsini na mbili ndani. Mpira wake unashuka kama umedondoka kutoka kwenye paa.

Siku nane zimebaki twende Nairobi. Mashindano yake ya kwanza ya kulipwa. Nina furaha, na wasiwasi. Huo wasiwasi sitamwambia.

Jumatano, 10 Septemba

Soko la Tala, kutafuta viatu. Hassan wa mitumba humwekea Mutheu kila kiatu cha kiume namba arobaini na tano kinachopita mikononi mwake. Leo pea moja, nyeupe, soli nzima. Mama mmoja muuza nyanya alimtazama Mutheu kuanzia miguuni mpaka shingo ikachoka, akamwuliza kama huko juu mvua imeshaanza.

"Bado, mwaitu, mama yangu, lakini nikiiona nitakuambia."

Nimecheka njia nzima.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa baba yake Mutheu alinisimamisha nje ya kanisa. Mkulima, maneno machache. Hapendi tenisi wala haichukii, anataka tu kujua mwisho wake uko wapi. Amempa binti yake mashindano mawili, haya ya Nairobi na mengine ya Oktoba. Asiposhinda hata mechi moja, Januari anaingia chuo cha ualimu. Akaniuliza kama hiyo ni haki.

Nikasema ni haki. Nitasema nini, na ualimu ndio ulionilisha? Lakini sikupenda. Mutheu si mwalimu. Hana hata subira ya kufunga kamba za viatu mara mbili.

Jumanne, 16 Septemba

Nairobi. Ametolewa kwenye mechi za mchujo, 4-6, 3-6, na msichana anayemfika kwapani.

Mara kumi na saba amekosa sevu zote mbili na kutoa pointi bure. Kumi na saba! Na hakuna mpira uliogonga neti. Yote ilipita mstari, shubiri moja, pengine mbili. Mara mbili tulizokuja Nairobi akiwa mdogo ilikuwa hivi hivi. Nilisingizia baridi, na kitanda kigeni.

Tumerudi nyumbani. Nina hasira. Sijui na nani.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimetafuta sababu siku mbili. Nairobi iko juu kuliko hapa, hewa nyepesi, mpira huenda mbali. Halafu mipira yao mipya, yetu ina upara. Inawezekana. Lakini wote walicheza na hewa ile ile na mipira ile ile.

Leo hapa nyumbani amepiga sitini, hamsini na tano ndani. Mkono mzima kabisa. Basi ni woga. Sioni lingine.

Jumatano, 24 Septemba

Wiki nzima nimemfanya asiurushe mpira juu sana kabla ya kuupiga, ili asipate muda wa kuogopa. Amepoteza mdundo wote. Leo mipira mitano mfululizo kwenye neti. Nikaishiwa na subira. Nikamwambia, mbele ya watoto wanane wa mazoezi ya jioni, kwamba yeye ni futi sita na inchi nne za woga.

Aliokota mipira yote, hata ile iliyoingia kwenye miba, akaiweka kikapuni, akaenda.

Nadhani nilikuwa sawa. Lazima mtu amwambie.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nguzo moja ya neti imeoza chini. Fundi Musyoka, anayekata mawe kule Lukenya, amekuja na mawe mawili ya kuishikilia na tepu ya chuma. Nilitaka ikae mahali pake hasa, kwa hivyo nikamsomea vipimo kutoka kijitabu cha sheria. Kutoka neti hadi mstari wa sevu, mita sita na sentimita arobaini.

Akavuta tepu. "Mwalimu, hii yako iko sita na hamsini na nane."

Nikamwambia tepu yake imekunjika. Akavuta tena, polepole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Ikawa ile ile. Nikamwuliza hesabu alisomeshwa na nani.

"Si ni wewe, Mwalimu. Darasa la sita."

Jumapili, 5 Oktoba

Sikukaa kwa chai ya kanisani. Nimepima kwa tepu ya fundi cherehani. Nimepima kwa rula ya mbao ya ubaoni, nikitambaa kiwanjani na gauni langu la Jumapili. Zote zinasema neno moja. Mstari wa sevu uko mbali kwa karibu shubiri nzima, wa nyuma kwa karibu mbili.

Ni kamba. Niliisokota mwenyewe, katani ya shamba letu, juu ya paja, jinsi mama alivyonifundisha kusokota nyuzi za kufumia vyondo. Mwaka ule wa kwanza niliipima vizuri na tepu ya mpima ardhi, nikafunga fundo kwa kila mstari. Tangu hapo, miaka kumi na miwili, nimeivuta kila wiki mpaka ikaze. Imerefuka kidogo kidogo. Mimi sikupima tena hata mara moja. Kwa nini nipime? Ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Mtoto amelenga pale nilipomwonyesha, na alikuwa akipata. Zile sevu alizokosa Nairobi zilikuwa ndani ya kiwanja changu. Naona aibu. Sijaona aibu kama hii tangu niwe mtu mzima.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefuta mistari ya zamani kwa fagio na maji. Nimechora mipya kwa tepu ya Musyoka. Wiki mbili zimebaki.

Nikiwa nachora nilifikiri, kwani kuna haja ya kusema? Atapiga, ataona zinatoka, atajirekebisha. Musyoka si mtu wa domo. Niliipenda fikra hiyo saa nzima.

Jioni Mutheu amepiga sitini. Kumi na tisa ndani. Akasimama akautazama mstari muda mrefu. Akanitazama mimi. Nikainama kuokota mipira. Mimi ndiye nilikuwa mwoga leo.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemwambia. Asubuhi, kabla ya mtu mwingine kufika. Nikamtandikia kamba chini na tepu kando yake. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanipotea. Nikasema tu kwamba kiwanja kilikuwa kibaya na kosa ni langu.

Alipima mwenyewe. Ana haki. Kisha akakunja tepu vizuri akanirudishia.

"Kamba si kitu, Mwalimu. Kamba inaweza kuvutika. Lakini uliniita mwoga."

Nikasema najua.

"Na uliniambia hiyo maneno mbele ya watoto."

Akachukua raketi zake akaondoka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hakuja.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hakuja. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Siku kumi na moja zimebaki. Akikosa mechi hii kwa sababu yangu, chuo cha ualimu kitampata msichana ambaye hajui kuwa alikuwa mchezaji mzuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Alikuja. Na watoto wote wanane walikuwepo. Naamini aliichagua siku.

Nikawaketisha kwenye nyasi. Nikasimama mbele yao kama darasani, mikono nyuma. Nikawaambia kwamba kiwanja kilikuwa kirefu kupita kiasi miaka mingi, kwamba aliyekipima vibaya ni mimi, na kwamba nilisema Mutheu ni mwoga na haikuwa kweli. Si mwoga. Hajawahi kuwa. Nikamwomba msamaha kwa jina lake.

Halafu Ndinda, mdogo kuliko wote, akainua mkono.

"Sasa Mwalimu, zile zetu ulikuwa unasema ni ndani?"

Nikasema nyingine zilikuwa nje.

Lo! Kila mmoja akaanza kudai mechi zake za mwaka mzima. Kasyoka akataka ubingwa wa Agosti uchezwe upya. Hapo ndipo Mutheu alipocheka, akakaa chini kabisa akicheka, miguu imefika nusu ya kiwanja.

Kisha akainuka akachukua kikapu. Sitini. Thelathini na moja ndani. Kurusha mpira amerudia mtindo wake wa zamani. Sikufungua mdomo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Arobaini na saba ndani. Siri yake ameipata mwenyewe, anaukunja mkono mapema kidogo juu kule. Mimi siwezi hata kuona vizuri anachofanya, niko mbali chini. Nimemletea maji na kunyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 21 Oktoba

Nairobi. Safari hii waandalizi walimpa nafasi ya mwaliko, kwa hivyo hakupita mchujo. Droo kuu moja kwa moja.

Baba yake alikuja. Koti la kanisani, jua kali, hakulivua. Tuliketi pamoja. Sevu ya kwanza kabisa ilitoka, kwa shubiri. Ya pili ikaingia, na msichana wa upande ule hakuigusa. Baada ya hapo sikuhesabu kitu. Miaka yote nahesabu, leo nimeshindwa. Baba yake ndiye aliyekuwa akiniuliza kila mpira, "Hiyo ni ndani?" Nami najibu, ndani. Ndani. Ndani, baba Mutheu, tulia.

7-6, 6-4.

Watu walipoketi baba yake alibaki amesimama, kofia mkononi. Hakusema lolote juu ya Januari. Aliniambia tu kwamba hakujua mtoto wake anaweza kupiga kitu kwa nguvu hivyo. Mimi nililia wazi wazi, bila leso.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ametolewa mzunguko wa pili, 2-6, 4-6, na mchezaji aliyepangwa namba mbili. Hatuna huzuni. Sevu alizokosa zote mbili ni mara nne tu. Ana pointi yake ya kwanza ya kulipwa. Jina haliingii bado kwenye orodha ya dunia, mpaka apate pointi katika mashindano matatu, lakini moja ni moja.

Kocha wa chama cha tenisi alinifuata kwenye benchi. Kijana mpole. Alizungumza kwa mzunguko na heshima nyingi, kama mtu aliyekuja kuposa. Wanataka Mutheu akae Nairobi, afanye mazoezi na wenzake watatu kwenye viwanja vigumu vya saruji, halafu wamtafutie nafasi Kigali na Kampala.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Ni sawa. Mimi na udongo wangu mwekundu tumemfikisha hapa tulipoweza. Kisha nikaenda chooni nikakaa humo kitambo, bila haja yoyote.

Jumapili, 2 Novemba

Ameondoka. Baba yake mwenyewe alimbebea begi hadi steji ya matatu. Ya chuo yameisha, aliniambia, tena kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa.

Mutheu ameahidi kuja kila Jumamosi tufundishe watoto pamoja. Alinikumbatia, uso wangu ukaishia kwenye zipu ya jaketi lake. Nikamwambia ale vizuri. Kati ya maneno yote duniani, hayo ndiyo niliyopata.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua tangu Alhamisi, leo imepumzika. Watoto walifika mapema, nywele zimechanwa, wakapanga mstari ukutani kumngoja Mutheu.

Saa tatu ujumbe ukaingia. Kuna mtu amejitoa Kigali na yeye amepata nafasi. Tayari wako uwanja wa ndege. Pole, Mwalimu, nitakuja Jumamosi ingine.

Niliusoma mara mbili. Jumamosi ya kwanza, na tayari hana nafasi ya kuja. Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka tangu alipokuwa na miaka kumi, na kimeniuma kifuani kama kitu ambacho sikukitaka. Jumamosi ijayo hatakuja pia. Najua hivyo, na nikikaa nikiwaza vizuri, naomba asije.

Nikawaambia watoto yuko Kigali. Wakaguna. Ndinda akauliza Kigali ni mbali kiasi gani, nikasema sijui, tutapima kwenye ramani Jumatatu. Kisha nikawapanga wawili wawili tukaanza.