Moshi wa Mchana

Berea, Johannesburg
9 Septemba 2018

Dada yangu mkubwa, yaya wangu mpendwa Jeanne,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo umekupa nafuu? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Bado nasuka nywele, na mwanangu Benita amenipita urefu. Kiswahili anakisikia, ila kunijibu ni Kizulu na Kiingereza tu. Nifanyeje, yaya! Watoto wa huku ndivyo walivyo.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu sauti ya simu husikilizwa na nyumba nzima. Hii isome peke yako.

Kaka Octave alinipigia. Alisema mahari ya binti yake Murielle italetwa Desemba, na kwamba wewe umekataa kukaa mkekani kuipokea, eti humbariki binti wa mtu aliyemuua baba. Alilia, yaya. Mwanaume mzima! Shangazi mkubwa asipokuwepo, yule mtoto atatokaje kwa baba yake?

Sasa sikia. Benita ana mchezo kwenye kompyuta. Mtu anaamka shamba, kwenye kijiji kilichohamwa, hana kitu ila kisu na kiberiti. Atafute maji, achimbe mizizi, ajifiche wanyang'anyi wasimwone. Jumamosi nilikuwa nachambua majani ya muhogo ya kupika sombe kando yake, nikamwona anawasha moto mchana kweupe, kwa kuni mbichi, moshi unapanda juu ya miti. Nilimwambia azime. Akacheka, akasema anapika tu. Mara wanyang'anyi hao! Nilipiga kelele, nikamwaga beseni, nikamvuta mtoto chini ya meza. Aliniambia nisiogope, mtu akifa anaanza upya. Akabonyeza, na yule mtu akasimama tena mzima.

Nililia palepale sakafuni. Akaniuliza habari za moshi nilizijuaje. Nilimweleza kwamba mwaka wa 1996 tulijificha porini, na baba alikataza kabisa moto wa mchana. Akauliza ni nani basi aliyeuwasha. Nilifungua kinywa kusema Octave, kama tusemavyo sote. Jina halikutoka.

Ni mimi, yaya. Octave alikuwa mtoni kuchota maji. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na njaa ilinizidi, nikachoma hindi moja. Askari walipokwisha kuondoka, baba amelala pale, ulimkuta kaka anazima majivu kwa maji yake, ukampiga. Alinitazama, akanyamaza. Mpaka leo hajanisema kwa mtu.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wazee. Yangu imechukua miaka ishirini na miwili. Naona haya mno. Hasira yako nipe mimi, nitaibeba. Ila Desemba nenda ukakae mkekani, umshike Murielle mkono, na kaka umwombe radhi. Mimi karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu kuja.

Na lile hindi, yaya, nililificha kwenye nguo. Jioni, mlipokuwa mnamzika baba, nililila.

Wasalimie watoto wote. Kaka msalimie wewe kwanza, mimi bado sijapata maneno.

Mdogo wako,
Clémence